Kiswahili Hakihitaji Nasaba ya Uongo

Wapo miongoni mwetu walimu ambao, kila muhula wa tatu ukaribiapo kwisha, huwasimulia wanafunzi kwamba Wamarekani Weusi husherehekea Kwanzaa kwa Kiswahili kwa sababu Kiswahili ndiyo lugha ya mababu zao. Katika semina yetu ya mwisho mwenzetu mmoja alilirudia dai hilo, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Mimi sikupiga, na nadhani nawiwa maelezo.

Kwanzaa ilibuniwa na Maulana Karenga huko California mwaka 1966. Alichagua Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya Waafrika wengi isiyo mali ya kabila moja. Uchaguzi huo ni heshima kwetu, na tuupokee kwa shukrani. Lakini kuchaguliwa si kuzaa. Atakaye kuijua nasaba na aende, walau kwa fikra, katika mji mdogo wa Beaufort, pwani ya jimbo la South Carolina, autazame tangu Novemba hadi siku ya Mwaka Mpya.

Kwanza ataona kwamba masomo yetu ya majira hayamfai. Tumezoea kufundisha kuwa huko Marekani majani hupukutika, kisha theluji huanguka. Mialoni mikubwa ya Beaufort haipukutiki wakati huo. Husimama na ukijani wake, mimea ya kijivu ikining'inia matawini kama ndevu za wazee, na theluji ni nadra. Baridi iliyopo ni ya kuvaa koti jioni. Ndio msimu wa chaza. Watu huwasha moto nje, huwatandaza chaza juu ya bamba la chuma na kuwafunika kwa gunia lililoloweshwa maji. Mvuke ukishawalegeza, kila mtu hushika kisu chake, akala akiwa amesimama. Ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha St. Helena, ipo Penn Center, palipokuwa na shule iliyofunguliwa mwaka 1862 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Kwa miaka mingi imekuwa ikiandaa siku za urithi mwezi Novemba, pamoja na nyimbo na hadithi za wenyeji.

Halafu huja usiku wa Desemba 31, ambao wengi huukesha kanisani. Zamani za utumwa, Januari 1 ilikuwa siku ya kukodishwa na kuuzwa watu. Mama alilala mkesha huo asijue kesho mtoto wake atakuwa wa nani. Ndipo ukaja mkesha wa mwaka 1862. Kesho yake, Januari 1, 1863, tangazo la Rais Lincoln la kuwaacha huru watumwa lilisomwa kambini Port Royal, jirani na Beaufort, mbele ya maelfu ya watu, wakiwamo askari Weusi waliovaa sare. Hiyo ndiyo sikukuu yao ya majira ya baridi, nayo ilitangulia Kwanzaa kwa miaka 103. Mwaka Mpya huliwa wali uliopikwa kwa kunde, na mboga za majani zilizo ndugu wa sukuma wiki yetu: kunde ni sarafu, majani ni noti. (Hutia na nyama ya nguruwe, hilo nawaachia wao.)

Na lugha ya watu hao? Si Kiswahili. Ni Kigullah. Mwanaisimu Mmarekani Mweusi, Lorenzo Dow Turner, alichapisha kitabu mwaka 1949 akionyesha maneno na majina mengi ya Kiafrika yaliyomo ndani yake. Mababu zao walitoka hasa Senegambia, Sierra Leone, Angola na Kongo, wengi wao katika nchi za wakulima wa mpunga. Hawakutoka Mombasa. Kigullah kina kiwakilishi kimoja, *e*, kwa mwanamume, kwa mwanamke na kwa kitu. Waalimu wa Kiingereza waliita hayo makosa, wakawaadhibu watoto. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye *yeye* wake habagui mume na mke, alipasa kuwa wa kwanza kutambua kuwa hiyo ni sarufi. Agano Jipya kwa Kigullah lilitolewa mwaka 2005, wala halikutolewa kwa ajili ya kuchekesha watu.

Hapo ndipo yale makofi yaliponiumiza. Sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda tumeambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba lugha yetu ni ya askari na wezi. Tunajua uchungu wa kudharauliwa lugha. Je, inakuwaje tuifunike lugha ya watu waliodharauliwa kama sisi, ili tupate sifa isiyo yetu? Na tusijifanye watakatifu: ni wangapi kati yetu humpigia mtoto aliyetoka Kongo mistari ya wino mwekundu, tukiandika pembeni "Kiswahili kibovu," pasipo kuuliza kwao husemwaje?

Katika maandalio yangu ya masomo dai lile nimekwisha kulifuta. Mahali pake nimeweka chaza, kunde, mkesha wa mwaka 1862, na ile *e*. Mwenzetu wa semina akiona nimekosea, kurasa hizi ni zake pia; nangojea jibu lake katika toleo lijalo.