Gundi na Picha za Kale za Shule

Katika ofisi za baadhi ya shule kongwe nchini hutunzwa picha za zamani zisizo na rangi: wanafunzi wa mwanzo wakiwa wamejipanga mistari, walimu wao wameketi mbele, jengo la kwanza likionekana nyuma yao. Aghalabu picha hizo hazina nakala nyingine, na filamu zake zilikwisha potea. Zinapoanza kujikunja, mtu mwenye nia njema huchukua gundi iliyo karibu, akaipaka nyuma ya picha na kuibandika juu ya ubao. Kazi hiyo ya dakika chache yaweza kuiharibu picha kuliko miaka mingi ya vumbi. Ni dhahiri kwamba picha isiyo na nakala haipasi kupakwa gundi hata kidogo, na sababu zake hupatikana katika somo la kemia.

Picha ya aina hiyo, ikiwa ni ya karne ya 20, kwa kawaida ina tabaka tatu. Chini kabisa pana karatasi. Juu yake pana tabaka jeupe la bariamu salfeti. Na juu ya hilo pana jelatini iliyochanganyika na chembe ndogo mno za madini ya fedha. Chembe hizo ndizo zifanyazo weusi wa picha. Jelatini, itengenezwayo kwa ngozi na mifupa ya wanyama, hufyonza unyevu wa hewani ikavimba, na hewa ikikauka husinyaa. Fedha nayo huungana upesi na salfa, ikawa salfidi ya fedha. Badiliko hilo ndilo lionekanalo katika pete ya fedha inaposawijika. Katika picha, weusi hugeuka kuwa manjano au kahawia na sura za watu hufifia.

Basi na zitazamwe gundi zenyewe. Gundi ya mpira, ile itumiwayo kuziba pancha za baiskeli, hupendwa kwa kuwa haina maji na haiikunji picha. Lakini yaweza kuwa na salfa, na mpira wake huungana na oksijeni ya hewa, ukawa wa kahawia na kukauka. Mwishowe picha hubanduka, na doa likabaki. Selotepu huleta madhara kama hayo. Gundi nyeupe ya maseremala hushika kwa nguvu. Ikishakauka haiondoki bila kuchana karatasi, na baadhi yake hutoa mvuke wa asidi ya asetiki.

Uji wa wanga una sifa bora zaidi. Mwaka 1850 Mfaransa Louis Désiré Blanquart-Evrard alitangaza njia ya kusafisha picha juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai. Karatasi hiyo ilikuwa nyembamba na ilijikunja, kwa hiyo wapiga picha wa karne ya 19, wakiwamo wa Unguja, walizibandika picha zao juu ya kadi ngumu, na wengi walitumia wanga. Picha nyingi za namna hiyo zingalipo hadi leo. Hata hivyo, katika hewa ya unyevu kama ya Tanga au Dar es Salaam, wanga ni chakula cha kuvu na mende. Tena, karatasi za picha zilizoenea tangu miaka ya 1970 zina plastiki pande zote mbili. Maji hayapenyi, na uji haushiki vizuri.

Iko hasara nyingine isiyo ya kemia. Nyuma ya picha ndiko yalikoandikwa majina, tarehe na mahali, na ndiko ulikopigwa mhuri wa studio. Gundi huyafunika hayo yote. Picha ikikosa majina, waasisi wa shule huwa watu wasiojulikana, na mjukuu atakayekuja kumtafuta babu yake hataambiwa amtazame yupi.

Wapo wasemao kwamba siku hizi simu yatosha kunakili picha. Kunakili ni jambo jema, tena ndilo la kufanywa kwanza, mbele na nyuma. Nakala hiyo ndiyo ibandikwe ukutani kwa gundi yoyote. Lakini simu huharibika na kupotea, ilhali picha ya asili ikihifadhiwa yaweza kunakiliwa tena kwa vyombo bora zaidi.

Njia ya kuihifadhi si ya gharama kubwa. Zikunjwe pembe nne ndogo za karatasi, gundi ipakwe nyuma ya pembe hizo, nazo zibandikwe juu ya kadi isiyo na asidi. Ncha za picha huchomekwa ndani ya pembe, na picha yenyewe haiguswi na gundi. Picha iliyokwisha bandikwa isibanduliwe kwa nguvu. Inakiliwe, kisha iachwe ilivyo mpaka apatikane mtaalamu.

Walimu wa kemia wanaweza kulifanya jambo hili kuwa jaribio. Vipande vya picha chakavu za zamani, zisizo na thamani, vipakwe gundi mbalimbali, kimoja kiachwe bila gundi, na vyote vifungiwe katika chupa zenye kitambaa kibichi kwa miezi kadhaa. Wanafunzi waandike kila badiliko la rangi watakaloliona. Watajifunza tabia ya fedha na salfa kwa macho yao, na shule itapata vijana wanaojua kutunza kumbukumbu zake. Hapana budi kazi hiyo ianze kabla picha zilizobaki hazijafikiwa na chupa ya gundi.