"Alikuwa Anatafuta Unga Tu"? Wasee, Hapana

Kila nikiposti kuhusu wasanii waliochorea madikteta, komenti ni ile ile: "Wacha kuhukumu, jamaa alikuwa anatafuta unga." Sawa. Leo tuchukue Aleksandr Gerasimov, mchoraji kipenzi wa Stalin, tuone kama huo unga unatosha kumtetea.

Kipaji alikuwa nacho. Alizaliwa 1881 mji wa Kozlov, Urusi, akasomea uchoraji Moscow chini ya Konstantin Korovin, fundi wa rangi na mwanga kwa mtindo wa impreshonisti. Mwaka wa 1935 Gerasimov akachora veranda baada ya mvua. Sakafu inang'aa maji, glasi imelala mezani, maua kando. Hakuna kiongozi, hakuna bendera. Hiyo picha ni moto, sibishani.

1938 akachora mvua nyingine. Hii ina Stalin na Voroshilov wakitembea Kremlin na makoti marefu, wametulia, wanaangalia mbali kama baba wa taifa. Kumbuka ni kipindi gani: 1937 na 1938, watu zaidi ya 600,000 walipigwa risasi na hiyo serikali. Picha haionyeshi hata tone la damu. Mwaka wa 1941 ikampa Tuzo ya Stalin, na baadaye akaongeza zingine tatu.

Mpaka hapo, hoja ya unga naweza kuisikiza. Watu waliogopa, na familia lazima ile.

Lakini 1947 akafanywa rais wa kwanza wa Akademia ya Sanaa ya Umoja wa Kisovieti. Sasa funguo ziko mfukoni mwake. Akafanya nini? Akawaandama wachoraji wenye harufu ya impreshonisti, mtindo ule ule uliomlea. 1948 makumbusho ya Moscow yaliyokuwa na kazi za Monet, Matisse na Picasso yakafungwa kwa amri ya Stalin, na Gerasimov alikuwa kati ya waliopigia debe kufungwa huko. Jengo likapewa nani? Akademia yake.

Niambie, huo ni unga gani? Alikuwa ameshiba kitambo. Huko ni kuvuta ngazi ukishafika juu, ndio mwingine asipande.

Na usiniambie "nyakati zilikuwa ngumu". Zilikuwa ngumu zaidi kwa wale aliowafungia mlango.

Stalin akafa 1953, upepo ukageuka. 1957 Gerasimov akapoteza kiti cha urais, picha zake za Stalin zikatolewa ukutani na kutupwa stoo. Akafa 1963. Ile veranda bado ni hazina ya Tretyakov, Moscow, na watoto wa shule Urusi huandikia insha.

Kwa hivyo tuelewane. Ukimchorea mkubwa ndio ule, hiyo ni yako na dhamira yako. Ukitumia jina la mkubwa kunyima wenzako brashi, usituletee stori ya unga.