Ziwa Lililozungushiwa Bomba

Juma hili twende Ufaransa, katika milima ya Alpi, tukalitazame ziwa la Annecy. Si ziwa kubwa: eneo lake ni kilometa 27 za mraba tu, na penye kina kirefu kabisa ni mita 82. Juu yake wasimama mlima wa Tournette, mita 2351. Upande wa kaskazini upo mji wa Annecy wenyewe, alikozikwa Mtakatifu Fransisko wa Sales, na kandokando ipo miji midogo ya wageni: Veyrier, Menthon, Talloires, Duingt, Sevrier. Wakati wa joto watu huja kuogelea na kupanda mashua, na wenyeji wengi hupata riziki kwa wageni hao.

Sasa fikirini. Kila hoteli ina jiko na vyoo. Je, maji yake machafu yalikwenda wapi? Yaliteremka ziwani! Katika miaka ya 1940 ziwa lilianza kupoteza usafi wake, na daktari mmoja, Paul Servettaz, akapiga kelele. Uchafu ule ni mbolea. Mwani huzidi, kisha hufa, huzama na kuoza chini, na kule kuoza humaliza hewa iliyomo majini. Samaki aitwaye omble chevalier hutaga mayai kilindini penye baridi. Hewa ikikosekana, mayai hayaanguliwi. Tena maji ya ziwa lile huchukua karibu miaka minne kubadilika yote, basi likichafuka halisafiki kwa mvua za mwaka mmoja.

Mwaka 1957 miji minane ya kando ya ziwa ikaungana. Mimi karani najua taabu ya kupatanisha vigango vitatu juu ya mchango wa mabati, basi nastaajabu minane ilipatanaje. Tena mabati huonekana! Wao walitakiwa kutoa fedha kwa ajili ya kitu cha kufukiwa ardhini, ambacho hakuna mgeni atakayesafiri kuja kukitazama. Shauri lao lilikuwa hili: walaze bomba kubwa kulizunguka ziwa, lipokee maji machafu ya miji yote, liyapeleke upande wa chini, lilikokwisha kupita ziwa, yakasafishwe huko. Yakisha kusafishwa yasirudi ziwani, bali yafuate mto. Kazi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, ikachukua zaidi ya miaka kumi.

Leo watu wa Annecy wanakunywa maji ya ziwa lilelile, yakisha kutengenezwa. Wageni nao wamezidi, hata wakati wa joto magari hujipanga foleni barabarani kando ya maji. Wavuvi wamebaki wachache sana, lakini omble bado yumo, na huliwa mezani katika hoteli za pwani ya ziwa.