Tovuti ya Usharika Isikose Mwenyewe



Muuguzi aliyehamishiwa mjini kwetu wiki hii, akitaka kujua ibada ya kwanza inaanza saa ngapi, hana mzee wa kanisa wa kumuuliza. Atashika simu. Katika sharika nyingi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) zenye tovuti, atakuta ratiba ya Pasaka ya miaka mitatu iliyopita, picha ya harambee ya paa lililokwisha kuezekwa zamani, na jina la mchungaji aliyekwishahama. Atakwenda saa tatu, akute watu wanatoka, mnada wa sadaka unaanza.

Chanzo chake tunakijua. Kijana mmoja wa kwaya aliitengeneza tovuti kwa kujitolea, akailipia mfukoni mwake, akaisajili kwa barua pepe yake. Alipopata kazi Mwanza, neno la siri likaondoka naye. Hakuiba kitu, hakuna aliyemwomba akabidhi. Mhasibu akibadilika tunakabidhiana vitabu, mihuri, hata funguo za stoo, na watu wanatia saini. Tovuti haimo kwenye orodha hiyo.

Sasa, jina la tovuti halinunuliwi mara moja likaisha. Hulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka. Muda ukipita bila malipo, tovuti huzimika, na baadaye jina linaweza kuchukuliwa na mwingine. Katika nchi iliyozoea ujumbe wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, hebu fikirini ukurasa wenye jina la usharika wetu, picha ya kanisa letu, na chini yake namba ya sadaka ya tapeli. Hilo linanitisha kuliko ratiba iliyochakaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa baraza la wazee ni hili. Jina lisajiliwe kwa usharika, kwa barua pepe ya ofisi. Ada iingie kwenye bajeti ya mwaka pamoja na umeme na maji, tusiingoje harambee. Neno la siri liwe kwa watu wawili, na nakala yake ifungiwe ndani ya bahasha kwenye kasiki la usharika. Cheti cha usalama, kile kinachozuia simu kumwonya msomaji kwamba ukurasa si salama, hupatikana bila malipo kupitia Let's Encrypt, ila kina muda wake. Atakayetunza tovuti ahakikishe kinajihuisha.

Kazi ya kila wiki ni ndogo. Matangazo ambayo mzee wa zamu huyasoma Jumapili yameshachapwa ofisini. Yabandikwe hayo hayo, lakini kama maandishi, siyo picha ya karatasi. Picha inakula bando, na msharika asiyeona, ambaye simu humsomea kwa sauti, haambulii kitu. Mahali kanisa lilipo, saa za ibada, siku za mafundisho ya kipaimara, nyaraka zinazotakiwa kwa ubatizo na ndoa: hayo yakiwa sahihi, tovuti imefanya kazi yake.

Lakini si kila linalosomwa kanisani ni la kubandikwa. Majina ya wagonjwa na wodi walizolazwa, nani aliahidi kiasi gani, picha za watoto wa shule ya Jumapili na majina yao: kanisani tunasikia sisi kwa sisi, mtandaoni anasoma yeyote, leo na miaka ijayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za imani, afya na watoto kuwa nyeti. Mzazi aombwe ridhaa kwa maandishi kabla ya picha kupanda, na akikataa asiulizwe sababu.

Mkutano mkuu wa usharika ukikaa, jambo hili lipewe nafasi yake kwenye ajenda, lisisukumiwe kwenye “mengineyo”. Mwenye ujuzi wa kompyuta na saa moja kwa wiki aache jina lake ofisini. Na kama wewe uliwahi kuanzisha tovuti ya usharika wowote, ukahama, piga simu leo ukabidhi neno la siri.