Nani Alimaliza Nyangumi?

Kila baada ya muda, video ile ile hurudi kwenye simu zetu. Maji mekundu, wanaume wameshika visu, nyangumi amelala ufukweni. Maoni chini yake hayabadiliki: washenzi, wakatili, ati si wale samaki kama watu wengine. Mimi pia nimewahi kubonyeza ile sura ya hasira, nikaendelea na chai yangu. Siku hizi najiuliza kwanza: huyu aliyeshika kisu ndiye aliyemaliza nyangumi?

Chukua Wainupiati wa kaskazini mwa Alaska. Kwa zaidi ya miaka 1,000 mababu zao na wao wamewinda nyangumi mkubwa mwenye kichwa kilichopinda kama upinde. Barafu ikipasuka, wanaingia majini na mitumbwi ya ngozi ya sili. Akipatikana mmoja, nyama inagawiwa kijiji kizima, na mwezi Juni kuna sherehe ambayo hakuna anayerudi nyumbani mikono mitupu. Karne zote hizo nyangumi hawakuisha.

Kisha mwaka 1848 meli ya Kimarekani ikapita Mlango wa Bering, na nyingine zikafuata mbio. Walitaka mafuta ya kuwasha taa, na yale mabamba ya mdomoni ya kukazia nguo zinazobana viuno vya wanawake wa mijini. Nyama mara nyingi iliachwa ioze. Biashara ilipokufa mwanzoni mwa karne ya 20, meli zilienda zao na wenyeji wakabaki na bahari iliyopukutishwa.

Sasa sikiza hii. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ikawapiga marufuku, nani? Wainupiati. Wataalamu walikadiria kwamba wamebaki nyangumi kati ya 600 na 2,000 pekee. Wawindaji wakawaambia: hesabu yenu ni mbovu. Mnasimama ukingoni mwa barafu na kuhesabu wanaopita maji ya wazi, lakini wengine wanapita chini ya barafu na kuivunja kwa kichwa wakitaka kupumua. Wazee wasio na digrii, nani angewaamini?

Hawakubaki kulia. Mwaka huohuo waliunda tume yao wenyewe, wakapigania ruhusa ya nyangumi 12 kwa 1978, na wakasisitiza hesabu irudiwe. Miaka ya themanini vinasa sauti vikashushwa majini, na sauti za nyangumi zikasikika zikipita kule chini ya barafu, palepale wazee waliposema. Leo makadirio ni zaidi ya 10,000, na wanaendelea kuwindwa kwa idadi iliyopimwa. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo labda naipenda hadithi hii kupita kiasi. Lakini ni kweli.

Na usidhani ni mambo ya Alaska tu. Mwaka huohuo wa 1977, Kenya nayo ilifunga uwindaji wa wanyamapori. Sisemi ifunguliwe, ndovu walikuwa wanaisha kweli. Nauliza tu tulimfundisha nani aitwe jangili. Waata waliwinda ndovu kwa upinde na mshale wa sumu katika nchi ambayo mwaka 1948 iligeuzwa kuwa Mbuga ya Tsavo. Miaka ya hamsini wakasakwa na kufungwa jela. Lakini Theodore Roosevelt alipokuja 1909 na mwanawe, wakaua wanyama zaidi ya 500, yeye aliitwa mgeni mashuhuri. Bunduki yenye leseni ni utalii, upinde wa mwenyeji ni uhalifu. Hiyo ndiyo lugha tuliyorithi, na ndiyo tunayoandika chini ya zile video.

Lakini ngoja, bana. Usiniweke upande wa kila anayepiga kelele ya "utamaduni". Japani ina vijiji vilivyowinda nyangumi karibu na pwani kwa karne nyingi, hilo ni sawa. Meli za kiwanda zilizokwenda hadi Antaktika zilianza miaka ya 1930 tu. Huo ni utamaduni wa nani? Baadaye wakasema ni utafiti, huku nyama ikiuzwa madukani. Mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaamua kwamba vibali vile havikuwa vya sayansi. Mwaka 2019 Japani ikajitoa kwenye Tume, ikarudi kuwinda kibiashara. Kampuni haina babu. Isijifunike kanga ya bibi yangu.

Na ile video yetu? Mara nyingi ni ya Visiwa vya Faroe. Huko uwindaji ni wa karne nyingi na nyama hugawiwa watu. Lakini Septemba 2021 walichinja pomboo zaidi ya 1,400 kwa siku moja. Hata wenyeji wengine waliudhika, na mwaka uliofuata serikali yao ikaweka kikomo cha 500 kwa mwaka. Mila isiyojua kusema "inatosha" hadi serikali iingilie, hiyo siitetei.

Kwa hivyo usiniulize kama niko upande wa mila au wa nyangumi. Wainupiati wameonyesha kwamba mtu anaweza kuwa pande zote mbili, mradi akubali kuhesabiwa na asikilizwe anapohesabu. Video ikirudi, na itarudi, uliza nyama inaenda wapi, nani anahesabu, na nani alimaliza bahari kabla ya huyu mwenye kisu kuzaliwa. Ukishapata majibu, kasirika. Ila hasira ipeleke kwa mwenyewe.