Lori la Dizeli Likizimika Ghafula

Lori lililobeba maembe kutoka Chara kwenda Garsen likizimika njiani, dereva, kwa kuhofia shehena isioze, huharakisha kupiga stata tena na tena. Haraka hiyo humaliza betri, na pengine huharibu injini yenyewe.

Injini ya dizeli, aliyofaulu kuiendesha Rudolf Diesel huko Ujerumani mwaka 1897, haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa silindani hata ikawa moto mkali, ndipo mafuta yanyunyizwapo na kuwaka yenyewe. Kwa hiyo ikizimika, yafaa kwanza kuyafuata mafuta.

Ikiwa injini ilisitasita na kupungua nguvu kabla ya kuzimika, litazamwe tangi, kisha chujio. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini ya chujio, yafunguliwe yatoke. Mipira na viungo vikaguliwe pia, maana penye ufa hewa huingia na kuyakatiza mafuta. Hewa hiyo hutolewa kwa pampu ya mkono. Lakini ikiwa injini ilizimika mara moja, kana kwamba ufunguo umefungwa, zikaguliwe nyaya za kizimio cha pampu.

Ikizimikia katika maji ya mafuriko ya Tana, stata isiguswe kabisa. Maji hayabaniki kama hewa; yakiwa yameingia silindani, mkono wa pistoni hupinda. Lori livutwe hadi pakavu, chujio la hewa lifunguliwe. Likiwa limelowa, aitwe fundi.