Uso wa 2018, mifupa ya 2010: Prado yako inamdanganya nani?

Hebu fanya hivi. Jioni ukiwa umekwama kwenye foleni ya Ngong Road, angalia Prado itakayosimama kando yako. Angalia boneti. Ikiwa imebonyea katikati na kuinuka kwenye kingo, hiyo ni sura iliyotoka Japan Septemba 2017, ile sisi wa mtaani huiita "ya 2018". Sasa teremsha macho hadi kwenye namba ya usajili. Ukiona inaanza na KB, cheka polepole usije ukasikika. Magari ya KB yalisajiliwa hapa miaka kadhaa kabla sura hiyo haijatoka kiwandani. Hesabu haikubali.

Kilichotokea unakijua. Mwenyewe alipeleka gari kwa fundi wa bodi, bampa ikang'olewa, boneti, taa na grili vikafuata, akawekewa vipya. Nyuma taa zikabadilishwa. Ndani akafungiwa skrini kubwa ya kugusa na viti vikavishwa ngozi. Siku chache baadaye Prado ya 2010 inarudi nyumbani ikiwa na uso wa 2018, na majirani wanajua mambo yamejipa.

Kazi yangu ni kupigia magari picha za kuuza mtandaoni. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na tangu hapo nimepiga picha za Prado nyingi kuliko za familia yangu. Kwa hivyo nikikuambia kitu kuhusu ndai hii, usiniulize cheti, niulize nimeona nini.

Kwanza tuelewane. Sina ubaya na mtu kupenda gari lake lipendeze. Hii bodi tunayozungumzia, wanayoiita 150, ilitoka mwaka wa 2009 ikakaa sokoni hadi ile mpya ilipozinduliwa Agosti 2023. Miaka kumi na minne bodi moja! Toyota wenyewe waliigusa uso mwaka wa 2013, wakaigusa tena 2017. Lakini ukidhani walibadilisha taa tu, hapo ndipo unapouziwa mbuzi kwenye gunia. Kati ya hapo, mwaka wa 2015, waliiwekea injini mpya ya dizeli ya lita 2.8, wakaiondoa ile ya lita 3. Mwaka wa 2020 wakaiongezea nguvu hiyo ya 2.8. Na mwaka wa 2017, pamoja na huo uso unaougharamia, zile za Japan, ambazo ndizo nyingi tunazoagiza zikiwa zimetumika, zilikuja na mfumo wa usalama wa Toyota Safety Sense P kama kifaa cha kawaida.

Hapa nataka unisikilize vizuri.

Ukiangalia ile nembo ya mbele ya Prado halisi ya 2018, ni bapa na inang'aa kama kioo cha simu. Haikufanywa hivyo kwa urembo. Nyuma yake kuna rada. Rada hiyo ikishirikiana na kamera iliyo juu ya kioo cha mbele hupima umbali wa gari lililo mbele yako. Ukikaribia kuligonga inakupigia kelele, ukikawia inafunga breki yenyewe. Sasa nembo kama hiyo unaweza kuinunua Kirinyaga Road, Grogan kwa wale wazee, na kuibandika kwenye grili ya gari la 2010. Gonga na kidole. Nyuma yake ni hewa.

Umelipia jicho lisiloona.

Anko wangu, kaka ya mamangu, ana gari la aina hiyo. Ni la 2010, alilinunua likiwa limetumika, na kwa miaka lilimtumikia bila maneno. Kisha akaanza kualikwa kwenye harambee, na watu wakaanza kumwita mheshimiwa ingawa hajawahi kugombea hata uenyekiti wa shule ya msingi. Akaamua gari lifanane na hilo jina. Alitumia laki tatu na ushee. Simlaumu sana, pesa ni zake, na mlinzi wa geti kweli alianza kumfungulia bila kumuuliza anaenda wapi. (Karo yangu ya muhula ilikuwa chini ya hapo, lakini hayo tuyaache, nilishayameza.)

Desemba tulikuwa tunaenda ushago. Watu wanane ndani ya gari la watu saba, si unajua mambo ya Krismasi. Wadogo walitupwa kule nyuma kabisa, safu ya tatu, pamoja na mabegi na kuku mmoja. Tukitoka Gilgil, giza limeingia, kulikuwa na lori limeharibika likasimama barabarani bila taa na bila hata tawi la mti la kuonya watu. Anko alilala kwenye breki. Gari lilisimama. Alisimamisha vizuri, hilo nampa. Lakini binamu yangu wa miaka tisa hakusimama nalo. Aliteleza kutoka kitini akagonga kidevu kwenye chuma cha kiti cha mbele yake. Nyuzi tano, na meno mawili yaliyolegea.

Hakuwa amefunga mkanda. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Haifungi, tulijaribu." Kesho yake asubuhi nikaingia kule nyuma na tochi ya simu. Mafundi walipovisha viti ngozi, zile soketi za kuchomekea mkanda walizizika chini ya kitambaa. Safu yote ya tatu. Gari lilikuwa na uso mpya, skrini mpya, ngozi inayonukia, na watoto walikuwa wamekaa bila chochote cha kuwashika tangu siku lilipotoka gereji. Hakuna mtu mzima aliyejua, kwa sababu hakuna mtu mzima anayekaa kule.

Siwezi kukuapia kwamba rada ingetuokoa usiku ule. Anko aliliona lori kwa macho yake na alifunga breki kwa mguu wake. Lakini mkanda ungemwokoa yule mtoto, na mkanda haukuhitaji Toyota wazindue kitu chochote. Ulikuwepo tangu 2010. Tuliufunika sisi, na tukalipa ili ufunikwe.

Na kuna kitu kinachonichekesha kwa uchungu. Matatu zetu zilishurutishwa kuwa na mikanda tangu Februari 2004, enzi za marehemu John Michuki. Tunazikashifu, tunasema ni za wahuni. Kumbe mtoto anaweza kuwa salama zaidi kwenye kiti cha matatu ya sako iliyo na mkanda kuliko kwenye safu ya tatu ya gari la mamilioni la anko.

Sasa tuje kwa hii mpya, Land Cruiser 250, ambayo huenda umeiona ikipita umeachama mdomo. Masoko mengine bado wanaiita Prado. Nitasema jambo ambalo marafiki zangu wa magari hawatalipenda: ni gari zuri kwa sababu zile zile ambazo watu wanalicheka. Wanasema limekuwa kisanduku, limerudi zamani, linafanana na Land Cruiser 70. Ndiyo, na ndivyo walivyokusudia. Prado ya kwanza kabisa, ya 1990, ilitoka kwenye familia hiyo hiyo ya 70. Toyota walisema wazi kwamba Prado ilikuwa imezama sana kwenye anasa na walitaka kuirudisha kwenye asili yake.

Ukilikagua utaona kila kona ina kazi. Mstari wa madirisha umeshushwa ili dereva aone kilicho kando yake. Taa zimesogezwa ndani kidogo ili zisivunjwe na kila kitu unachopitia. Bampa zimekatwa vipande, ukigonga kona unabadilisha kona, hununui bampa nzima. Mtu aliyebuni hivyo lazima aliwahi kulipia bampa. Chini yake fremu ni ya msingi mmoja na ya Land Cruiser 300, na Toyota wanasema ni imara kwa asilimia 50 zaidi ya ile ya 150. Usukani sasa unasaidiwa na umeme. Mlango wa nyuma nao, ule uliokuwa ukifunguka kama mlango wa nyumba na kukufungia njia ukiwa umeegesha mjini, sasa unainuka juu.

Lawama ninayo pia. Limekua. Urefu umeongezeka kwa milimita 100 na upana kwa milimita 95, hivi kwamba sasa upana wake unakaribia mita mbili. Egesha hilo kwenye basementi za Nairobi halafu ujaribu kufungua mlango umtoe mtoto. Mtanipigia simu.

Lakini ninachokiogopa zaidi ni kingine. Najua, kama ninavyojua jina langu, kwamba vifaa vya kuifanya 150 ionekane 250 vitafika Grogan, kama havijafika tayari. Wale wa Land Cruiser 200 walishageuzwa kuwa 300 tukiona kwa macho. Na kanuni yetu ya miaka minane inasukuma mchezo huu. Ukiagiza gari mwaka wa 2025, ilikuwa lazima liwe lilisajiliwa mara ya kwanza kuanzia Januari 2018. Kwa hivyo uso wa 2018 ndio unaowaambia watu kwamba gari lako limeshuka melini juzi. Kila mwaka mlango huo unasogea mbele, na kila mwaka kuna anko anayeona aibu.

Wewe kijana unayesoma hii pengine huna hela ya Prado. Mimi pia sina, nina viatu. Lakini mzazi wako au anko wako anaweza kuwa nayo, na wikendi ijayo mtapakiwa humo kwenda ruracio au matanga. Basi kabla hujapigia gari selfi, panda kule nyuma. Vuta mkanda wa kila kiti, uchomeke, usikie mlio. Ukikosa soketi, ingiza mkono chini ya ngozi uitafute. Angalia tairi, si za mbele tu, na usome tarehe iliyochapishwa ubavuni, zile tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka. Kama mzee anataka kununua, mwambie asome mwaka wa kutengenezwa kwenye logbuku kabla ya kusoma uso. Na kama ana laki tatu za kuchezea, kuna breki, kuna shokamzoba, kuna bushi za miguu ambazo zinalia tangu Uhuru akiwa rais.

Watakwambia unajifanya fundi. Mimi niliambiwa, "Wewe uliyeacha chuo ndiye wa kunifunza gari?" Nilinyamaza, kisha nikachukua wembe nikapasua ngozi ya viti vya nyuma, soketi moja baada ya nyingine, hadi zote zikatoka. Anko hakusema kitu. Alisimama tu mlangoni akiniangalia.

Wiki iliyopita amenipigia, anataka kuuza. Nimempigia picha kumi na mbili, ya kumi ni ya mikanda ya nyuma ikiwa imefungwa. Kwenye maelezo nimeandika: "Prado TX ya 2010, uso umebadilishwa kuwa wa 2018, haina rada." Ameniambia nitoe hayo maneno ya mwisho, na ya katikati pia. Tangazo liko hewani tangu Jumanne, na bado sijayatoa.